Steen, Ostade au Brekelenkam: picha ipi itundikwe, na kwa fundi yupi

Fundi wa nguo wa mtaani kwetu alinipa kazi niliyodhani ni ya nusu saa. Alikuwa amepaka chokaa upya, ukuta wa juu ya meza ya kukatia ukabaki mtupu, na kalenda ya duka la dawa hakuitaka tena. “Mwalimu,” akaniambia, “wewe si unashinda kwenye simu unatazama picha za Wazungu wa kale? Nitafutie mafundi wenzangu.”

Ilinichukua wiki mbili. Picha si chache, la. Waholanzi wa karne ya 17 walichora mafundi, wauza samaki, waokaji mikate, wanoa visu na walevi wa vilabuni hadi mtu anachoka kufungua. Ugumu ulikuwa kuchagua mkono. Wachoraji watatu nilioishia nao, Steen, Ostade na Brekelenkam, waliishi wakati mmoja, katika miji miwili isiyo mbali, Haarlem na Leiden, na wote walichora watu wasio na vyeo. Ila ukiwaweka pamoja unagundua kwamba mmoja anamcheka mtu wake, wa pili anaketi naye, na wa tatu anamwacha amalize kazi. Kwa mtu anayetafuta picha ya kuishi nayo ukutani miaka kumi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko uzuri wa rangi.

Kabla sijaendelea, nimtoe mmoja njiani. Wengi ukiwatajia picha za wanakijiji wa kule, wanakuletea mchoraji Pieter Bruegel na ile harusi yake, ukumbi umejaa, chakula kinapitishwa juu ya ubao mpana. Picha nzuri mno, lakini Bruegel alikufa mwaka 1569, na alikuwa mtu wa Antwerp na Brussels, sehemu ambazo leo ni Ubelgiji. Hawa ninaowalinganisha walizaliwa zaidi ya miaka arobaini baada ya kifo chake, katika nchi nyingine na soko jingine kabisa.

Soko lenyewe ndilo linaloeleza wingi huu. Kule Uholanzi kanisa lililotawala halikuagiza tena picha za madhabahuni, na wakuu wa kuagiza picha za kasri walikuwa wachache. Aliyenunua ni mfanyabiashara, mwokaji, mwenye duka la vitambaa. Mwingereza mmoja msafiri, Peter Mundy, alipita Amsterdam mwaka 1640 akashangaa kwamba wachinjaji na waokaji walitundika picha madukani mwao, na kwamba hata mhunzi na fundi viatu unaweza kumkuta na picha karibu na tanuri au ndani ya kibanda chake. Kwa hiyo fundi wangu hakuwa anaomba kitu kigeni. Alikuwa anaomba kile ambacho picha hizi zilitengenezewa tangu mwanzo.

Jan Steen: picha inayohitaji msimulizi

Nilianza na Steen kwa sababu ndiye anayevuta macho haraka. Alizaliwa Leiden mwaka 1626, baba yake mtengeneza bia. Mwaka 1649 akamwoa Margriet, binti wa mchoraji Jan van Goyen. Mwaka 1654 familia ikamkodia kiwanda cha bia huko Delft, biashara ikamshinda. Baadaye akaishi kijijini Warmond, kisha Haarlem, akarudi Leiden, na mwaka 1672 akapata kibali cha kufungua kilabu nyumbani kwake mwenyewe. Anapokuchorea walevi, basi, anawachora akiwa upande wa mwenye pipa.

Itazame ile iliyoko kwenye makumbusho ya Mauritshuis, Den Haag, aliyoichora kati ya 1668 na 1670 hivi. Ni kubwa, sentimita 134 kwa 163. Familia nzima iko mezani. Bibi anaimba akisoma kwenye karatasi, kijana anapuliza zumari lenye kiriba, mvinyo unamiminwa kutoka juu, na mwanamume mmoja mwenye kofia anacheka hadi basi huku akimfundisha mtoto kuvuta kiko. Mwanamume huyo ni Steen mwenyewe. Juu pembeni kuna kasuku, yule ndege wa kuiga. Methali inayochorwa hapo ni yao ya zamani: wazee walivyoimba, ndivyo watoto wanavyopuliza. Kwa Kiholanzi neno la kupuliza zumari linabeba pia uvutaji wa kiko, ndiyo maana mtoto amepewa kiko. Sisi tungesema mtoto wa nyoka ni nyoka, ila methali yetu ina meno, yao inacheka.

Hapo ndipo penye raha ya Steen na ndipo penye tabu yake. Kila kitu ndani ya picha zake ni neno. Ganda la yai sakafuni, mbwa, jagi lililoinama, vyote vinasema kitu, na usipojua methali unabaki unatazama fujo. Waholanzi mpaka leo nyumba iliyovurugika huiita nyumba ya Jan Steen. Picha yake ukiitundika sebuleni kwa mtu mwongeaji, mwenye wageni wengi na anayependa kueleza, atafurahi kila Jumapili. Ukiitundika kwa mtu mkimya inageuka kelele. Na kuna jambo lililonizuia kabisa kumpelekea fundi: watu wa Steen wanatumiwa. Wamewekwa pale ili wewe ujifunze au ucheke. Mtu anayeinama kutwa nzima juu ya kitambaa hapendi, nadhani, kutazamana na wenzake wanaochekwa.

Ila Steen ana picha moja inayokataa maneno yangu yote. Mwaka 1658 alimchora mwokaji wa Leiden, Arent Oostwaard, pamoja na mkewe Catharina Keizerswaard, nje ya duka lao. Iko makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, na asili yake ni ndogo, haifiki sentimita 38 kwa urefu. Mikate imepangwa mbele, mwokaji kifua wazi kwa joto la tanuri, mkewe pembeni, na nyuma yao mtoto anapuliza pembe. Pembe ndiyo iliyokuwa tangazo: mikate imetoka motoni, njooni. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya kuita watu kwa pembe, ingawa siwa haijapata kuita watu kwenye mikate. Hapa Steen hacheki. Wenye duka wana majina yao, wamesimama na bidhaa yao, na wanajua ni nzuri. Kama unatafutia mtu mwenye tanuri la mikate au hata mama wa maandazi, usihangaike zaidi, chukua hiyo.

Ostade: mwenzako wa kijiweni

Adriaen van Ostade ni wa Haarlem, alibatizwa Desemba 1610 na akafia mji uleule mwaka 1685. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo aliyetoka kijiji cha Ostade karibu na Eindhoven, na jina la kijiji ndilo likawa la ukoo. Mwandishi wa zamani wa habari za wachoraji anasema alisoma kwa Frans Hals, mchoraji wa Haarlem. Katika miaka ya 1630, alipokuwa kijana, alichora wakulima wakipigana ndani ya vibanda vya giza, visu nje, viti vimepinduka, nyuso kama viazi. Sehemu hiyo ya kazi yake sikushauri. Ilikuwa inawapa watu wa mjini nafasi ya kuwacheka watu wa shamba, na wanunuzi walikuwa wa mjini. Wakulima wale hawakuulizwa.

Lakini alizeeka vizuri, jambo lisilowatokea wachoraji wote. Kadiri miaka ilivyokwenda ugomvi ukatoka, mwanga ukaingia, watu wakaanza kukaa. Picha yake ya wakulima kilabuni ya mwaka 1662, iliyoko Mauritshuis, haina tukio. Watu wamekaa, wanakunywa, wanaongea, mwanga wa dirisha unaangukia sakafu. Ukikaa nayo kidogo unasikia ile sauti ya kijiwe chochote saa kumi jioni, mazungumzo yasiyo na mwisho wala haja ya kufika. Hakuna anayekuonya, na hakuna methali iliyofichwa chini ya kiti.

Iliyonishika zaidi ni muuza samaki wa mwaka 1672, iko Rijksmuseum. Mama mtu mzima yuko mezani kwake anasafisha samaki, kisu mkononi, soko liko nyuma yake, na amenyanyua macho akakutazama. Kazi haijasimama, amekutazama tu, utadhani anakuuliza, “Nikupe wangapi?” Mwaka uleule jeshi la Ufaransa lilivamia Uholanzi, na Ostade, mzee wa miaka zaidi ya sitini, akafungasha akaikimbia Haarlem kwenda Amsterdam akifikiria kuendelea hadi Lübeck, Ujerumani. Mwaka wenyewe Waholanzi wanauita mwaka wa balaa. Mama wa samaki hana habari nao, au anazo na samaki bado anataka kusafishwa.

Kwa mama anayeuza samaki feri, au kwa jiko la nyumbani, au kwa mtu anayependa picha isiyomdai chochote, Ostade huyu wa uzeeni ndiye. Tatizo lake ni la kiufundi tu, nalo nitalifikia kwenye uchapishaji: ana kahawia nyingi na giza jingi.

Usisahau pia kwamba aliacha michoro kama hamsini ya kukwaruza kwenye bamba la shaba, ile inayopakwa wino na kuchapwa kwenye karatasi. Humo ndimo mafundi wake walimo kwa wingi: mwokaji akipuliza pembe, muuza miwani mlangoni, mnoa visu, na fundi viatu kibandani wa mwaka 1671. Hiyo ndiyo iliyokuwa picha ya mtu asiye na fedha ya kununua rangi za mafuta.

Brekelenkam: aliyewaacha wafanye kazi

Jina refu: Quiringh Gerritsz van Brekelenkam. Alizaliwa kijijini Zwammerdam, akaingia chama cha wachoraji cha Leiden mwaka 1648, na hakupata sifa za wenzake hao wawili. Hata sasa watu hupita mbele yake makumbusho wakikimbilia kwa Rembrandt. Miaka niliyowahi kumpita nami sikumhesabu, nilimwona mchoraji wa kawaida. Fundi ndiye aliyenilazimisha nirudi.

Kwa sababu Brekelenkam alikuwa na jambo lake moja: karakana ya mshona nguo. Aliichora tena na tena, kwa mpangilio uleule. Ilikuwa inauzika, na hiyo inaeleweka ukijua Leiden ilikuwa mji gani: mji wa sufu na vitambaa, uliojenga mwaka 1640 jumba zima la kukagulia na kupigia muhuri nguo, ambalo leo ndilo makumbusho ya De Lakenhal. Watu wa mji huo walijua kitambaa kinatoka wapi na kinakwenda kwa nani.

Iliyo bora kwangu ni ya mwaka 1661, Rijksmuseum, sentimita 66 kwa 53. Chumba cha kawaida chenye dirisha kubwa. Fundi mkuu na wanagenzi wake wawili wako juu ya meza karibu na dirisha, miguu wameikunja kama watoto wa chuoni mkekani, wanashona kwa mkono. Mteja, mwanamke, amesimama anaongea na fundi. Basi. Hakuna anayecheka, hakuna mlevi, hakuna kasuku wa kukufundisha adabu. Mwanga unaingia kwa sababu bila mwanga mshono haunyooki, na mchoraji ameutumia kwa sababu ileile fundi anautumia.

Nilipomletea fundi wangu nakala aliitazama muda mrefu, miwani imeshuka puani.

“Mwalimu, mbona wamepanda mezani?”

Nikamweleza. Sakafu ilikuwa na vumbi na unyevu, na kitambaa cha mteja kikigusa chini ni hasara. Mezani kazi inatanda mapajani na mtu anakuwa usawa wa dirisha. Ukaaji huo uliwakaa mafundi wa Kiholanzi hadi leo hii mtu akikunja miguu hivyo sakafuni, husema amekaa kikao cha mshonaji.

“Na cherehani?”

“Bado, fundi. Cherehani ni ya karne ya 19. Hawa wana sindano tu.”

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Kisha akamwonyesha kidole yule mwanamke. “Huyu amekuja kuulizia nguo yake ya sikukuu.” Sikuwa na la kumpinga.

Ndiyo maana nasema, kwa ukuta wa karakana, Brekelenkam anawashinda wote wawili, ingawa kwa ufundi wa brashi ni wa tatu kati yao. Nyuso zake zina ugumu, mikono wakati mwingine haina mifupa, na ukitafuta uhai wa macho kama wa yule mama wa samaki hutaupata. Lakini anajua kazi inavyomkalisha mtu. Mtu wa kazi hiyo anaingia kwenye picha bila mkalimani, na maswali yake yanakuwa ya kifundi. Mbele ya Steen angeniuliza, “Wanacheka nini?”

Wengine wawili wa pembeni

Gerard ter Borch anajulikana kwa wanawake wa hariri, lakini karibu mwaka 1653 alichora familia ya mnoa visu, iko Berlin. Ua bovu la nyuma ya nyumba, mnoaji amelala kifudifudi juu ya ubao akibana chuma kwenye gurudumu la kinoo, mteja anangoja. Mbele, mama amekipakata kichwa cha mtoto anamtoa chawa. Hiyo ni picha ya kutazama, si ya kutundika kwa mteja wako, isipokuwa uwe na moyo wa pekee. Mimi ninayo kwenye simu.

Wa pili ni Jan Luyken wa Amsterdam. Mwaka 1694 yeye na mwanawe Caspar walitoa kitabu cha michoro mia moja ya kazi za watu, kila kazi na ukurasa wake na beti fupi za kumcha Mungu. Kama unachotafuta ni ushahidi wa chombo gani kilishikwaje na kazi ilianza wapi, Luyken anafaa kuliko wachoraji wote hapo juu. Kama unatafuta mtu, rudi kwa Ostade: watu wa Luyken wamewekwa hapo kushika vyombo.

Kuchapisha, na wapi pa kuziona

Usimlipe mtu anayekuuzia faili. Rijksmuseum inaruhusu kushusha picha zake za zamani bure kwenye tovuti yake, zenye ukubwa wa kutosha kabisa kuchapisha, na Mauritshuis nayo vilevile. Waliozichora walikufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita; hakuna haki ya mtu unayoivunja.

Kabla hujaenda stesheneri, jua hivi. Ostade wa rangi za mafuta akipita kwenye mashine ya kawaida anageuka shimo jeusi. Zile kahawia zake nne zinakuwa moja. Mwambie kijana wa mashine aongeze mwanga kidogo, achape moja ya majaribio kwanza. Muuza samaki anavumilia kwa sababu ni wa nje, sokoni. Brekelenkam wa 1661 anachapika vizuri, na ukimweka A2 hauko mbali na ukubwa wake halisi. Familia ya Steen ya Den Haag usiithubutu chini ya A2, watu ni wengi na vitu vidogo ndiyo maneno yenyewe. Ukiibana unabaki na kelele bila mzaha. Mwokaji wake kinyume chake: A4 karibu inamtosha, kwa kuwa hata asili ni ndogo. Michoro ya Ostade ya bamba la shaba na ile ya Luyken ni mistari mitupu, unaitoa kwa fotokopi ya rangi nyeusi na haipotezi kitu.

Kwa ndugu zetu walioko Uholanzi, au anayepita huko akiwa na siku moja tu: ukitaka mafundi nenda Amsterdam, Rijksmuseum, maana mshonaji, mwokaji na muuza samaki wote wako jengo moja. Ukitaka Steen mkubwa na Ostade mtulivu bila kuchoka miguu, Mauritshuis ni nyumba ndogo, unaimaliza asubuhi. Leiden iko njiani kati ya miji hiyo miwili, na pale De Lakenhal kuna picha kubwa za Isaac van Swanenburg zinazoonyesha sufu inavyofanyiwa kazi hatua kwa hatua. Kama baba au bibi yako alikuwa mfumaji au mshonaji, shuka kwenye treni.

Fundi amemtundika Brekelenkam juu ya meza ya kukatia, kwenye fremu aliyoitoa kwenye kioo kilichovunjika. Wiki iliyofuata fundi viatu wa chini ya mwembe akanisimamisha njiani. “Mwalimu, za asubuhi. Mimi sina wenzangu huko?” Nikampa fundi viatu wa Ostade wa mwaka 1671, A4, fotokopi. Ameibandika ndani ya mfuniko wa sanduku lake la kazi, kwa gundi ileile ya soli.